Sweta Langu Limepita Kwenye Sindano

Leo nimeaibika. Si mbele ya mtu mmoja au wawili. Kiwanda kizima, na mteja, na askari wa getini. Nawaandikia haraka kabla Kioko, kibarua mwenzangu, hajafika mtaani kwenu, kwa sababu Kioko akisimulia ataongeza chumvi, na hiki kisa kimeshajaa chumvi. Barua ni moja na ninyi mko watatu. Ukimaliza mpe mwenzio. (Usimpe mumeo.)

Mnajua kuwa mimi ni kibarua katika kile kiwanda cha felti huku Kariobangi. Kwa aliyesahau, felti ni kile kitambaa kizito cha kijivu ambacho fundi huweka juu ya springi za kochi kabla ya kulivika kitambaa kizuri. Hakifumwi, hakishonwi. Mtu akiniuliza kinashikana vipi mimi hufurahi sana, na leo mtaona furaha hiyo imenifikisha wapi.

Kazi inaanzia kwetu wanawake, kwenye matambara. Yanakuja kwa magunia: masweta, blanketi, makoti ambayo hata watu wa mitumba wameyakataa. Tunakata vifungo, zipu na chochote kigumu. Mashine ya kwanza inayararua mpaka yanabaki nyuzinyuzi tupu. Ya pili inazichana kama unavyochana nywele. Ya tatu inazilaza kwenye mkanda, tabaka juu ya tabaka, mpaka unaona kitu kimefura kama godoro, lakini ukikipuliza kinapeperuka.

Halafu kuna sindano. Jamani, sindano! Ubao mzima umejaa sindano, unapanda na kushuka mbio mpaka huwezi kuuona vizuri. Kila sindano ina vijino pembeni. Ikishuka, vijino vinakamata nyuzinyuzi za juu na kuzisukuma hadi chini. Ikipanda, inaziacha hukohuko. Inarudi tena, na tena, na tena. Za juu zinaingia chini, za chini zinabanwa na za juu, zinasokotana mpaka hakuna anayejua nani ni wa nani. Hakuna gundi, hakuna uzi. Upande wa pili kinatoka kitambaa ambacho huwezi kukipasua kwa mikono.

Mimi naipenda hiyo mashine, na nasema bila haya. Kwa miaka minne wenzangu wakienda kula githeri mimi nilikula nimesimama karibu nayo. Najua sauti yake ikiwa nzima na sauti yake sindano ikivunjika. Lakini aliyekuwa akiiendesha ni mwanamume, na kabla yake mwanamume, na mimi nilibaki na mkasi wangu wa vifungo.

Mwezi uliopita mwendeshaji akaacha kazi, akaenda zake. Bwana Mutua, msimamizi wetu, akasema watajaribiwa vibarua wawili: Kioko na mimi. Atakayefaulu anaajiriwa kabisa, anapewa barua. Ninyi mnaofanya kazi za ofisi hamwezi kujua maana ya hiyo barua. Kibarua anasimama getini kila asubuhi na wenzake mia, anasubiri kunyooshewa kidole: wewe, wewe, na wewe pale nyuma. Miaka minne nimechaguliwa kama nyanya. Nimechoka kuchaguliwa. Nikaapa hiyo barua lazima iwe yangu, hata Kioko alale na hiyo mashine kitanda kimoja.

Siku ya kujaribiwa ilikuwa leo, na mteja mpya naye alikuwa anakuja leo. Mama mmoja mwenye karakana kubwa ya makochi. Bwana Mutua akatuambia, "Nataka mtu ataendesha, na ataeleza huyu mama akaelewa. Mama si mtu wa mchezo."

Nikaamka saa kumi na moja. Baridi ya Julai mnaijua. Nikavaa sweta langu la maruni, lile lenye mistari myeupe mikononi, nililolifuma mwenyewe mwaka ule niliokuwa na mimba ya Doreen. Halina kifungo hata kimoja. (Zingatieni hapo. Ndicho kitu pekee kilichoniokoa leo: kifungo kingevunja sindano.)

Kufika tu, Bwana Mutua, hata salamu hakutoa: "Rispa, toa hiyo sweta."

Ni sheria. Mtu akikaribia sindano havai kitu cha kuning'inia. Sikubisha. Shida ilikuwa, nitaliweka wapi? Misumari ya nguo iko mlangoni, lakini katika kiwanda chetu sweta likiachwa bila mwenyewe si sweta tena, ni malighafi. Mwaka jana karani wa stoo alitundika kardigani yake pale, akaenda chooni. Aliporudi ilikuwa imeshararuliwa. Nani aliyeikata vifungo? Mimi. Sikujua! Mikono yangu ikiona sufu inakata yenyewe.

Kwa hiyo nikajiona mjanja. Nikalitundika sweta kwenye chuma cha pembeni ya mkanda, palepale ninaposimama, nilione kwa macho yangu. Nikalifunga mafundo mawili kwa mikono yake. Nikajisifu kimoyomoyo.

Mteja akafika saa tatu. Mama mnene, miwani, mkoba mweusi mkubwa, na uso wa mtu aliyeuziwa vitu vibovu mara nyingi. Kioko akaanza. Kusema kweli aliendesha vizuri. Kisha yule mama akamuuliza, "Sasa hii inashikana namna gani?"

Kioko akakuna kichwa. Ni mtu mzima huyu, baba wa watoto watatu. "Inashikana tu, madam. Si unaona? Imeshikana."

Nikatabasamu mpaka nikaficha mdomo. Zamu yangu ikafika. Nikabonyeza kitufe cha kijani, mashine ikanguruma, jengo lote likatetemeka kama kawaida yake. Nikamweleza yule mama kuanzia gunia hadi mkanda. Nikamwonyesha sindano ya akiba, nikampitishia kidole polepole kwenye vijino vyake. Akavua miwani ili aone vizuri. Akavaa tena. Nikajua nimempata.

Bwana Mutua naye akaridhika. "Kioko, shika hapa nyuma. Rispa, mpeleke madam mbele aone inavyotoka."

Nikaenda. Mashine yenyewe ni ndefu kuliko mtu, ukiwa mbele huoni wa nyuma. Sweta nikaliacha kwenye chuma chake. Chuma kinatetemeka. Na mafundo ya sufu, mkitaka kujua, hayapendi kutetemeshwa.

Mbele mambo yalikuwa matamu. Felti inatoka taratibu, kijivu, safi, nzito. Nikachukua kipande kilichokatwa, nikamwambia, "Vuta, mama."

Akavuta kidogo.

"La, vuta kwa nguvu zako zote. Ikiachana mimi nifukuzwe leo."

Akampa Bwana Mutua mkoba wake. (Bwana Mutua na mkoba wa kike! Natamani mngemwona.) Akapanua miguu, akavuta mpaka shingo ikatoka mishipa. Wapi!

"Na hakuna uzi ndani?"

"Hata mmoja."

"Kwa hivyo kitu kikishaingia humo…"

"Kikishaingia, mama, kimeingia. Hata malaika hawezi kukitoa."

Nilisema hivyo mimi, kwa mdomo wangu huu, na kifua mbele.

Ndipo nikaona kitu cha maruni kinachungulia kutoka chini ya sindano.

Kwanza nikadhani ni rangi ya matambara tu, wakati mwingine hutokea. Halafu nikaona mstari mweupe. Halafu wa pili. Huo wa pili nilikosea kuhesabu nilipoufuma, ukawa mnene kuliko wa kwanza. Ulikuwa ni mkono wa sweta langu, umenyooshwa, umelainishwa, umekuwa kitu kimoja na felti ya watu.

Sasa sikilizeni, kwa sababu hapa ndipo kosa lilipo. Kitufe chekundu kilikuwa karibu nami, naweza kukifikia bila kupiga hatua. Kazi ya kwanza ya mwendeshaji ni kusimamisha mashine akiona kitu kigeni. Nalijua hilo kuliko jina langu. Lakini nikawaza: nikisimamisha, Mutua atauliza kwa nini. Nikikaa kimya, mkono utapita, utaviringwa pamoja na felti, nitaukata baadaye kwa siri. Nimengoja miaka minne, sitaikosa barua kwa sababu ya mkono mmoja wa sweta!

Nikaulalia.

Ndiyo, nikalaza kifua juu ya felti, nikaegemea kiwiko kama mtu aliye kwenye kaunta ya duka, nikaendelea kueleza kwa sauti ya juu zaidi. Shida ni kwamba felti inatembea. Ikanichukua polepole. Nikawa nasogea kiupandeupande, tumbo juu ya kitambaa, miguu ikikimbizana chini, mdomo haufungi.

"Madam, tazama kule juu! Ile ni mota!"

Akatazama juu. Akatazama chini. Mkono wa pili ukawa umetoka.

"Hii ni nini?"

"Ni nakshi, madam."

"Nakshi?"

"Tunajaribu rangi."

Akainama. Shingo ya sweta ikatoka, mviringo kamili.

"Na hii shingo?"

Nikafikiri sana. "Ni nakshi ya shingo," nikasema.

Bwana Mutua alikuwa nyuma yetu na mkoba mkononi, akirefusha shingo aone tunatazama nini.

Wakati huohuo, kule nyuma, Kioko aligeuka akaona sweta haliko kwenye chuma. Rispa naye haonekani. Akachungulia kwenye mkanda, akaona ncha ya maruni inamalizikia chini ya sindano. Akajumlisha mwenyewe.

"Maze! Mathe ameingia! Mashini imemeza Rispa!" (Mathe ni mimi; ndivyo anavyoniita, yaani mama.)

Akakimbia. Hakukimbilia kitufe, alikimbilia uani. Tukasikia sauti yake ikizunguka kiwanda: "Rispa ameenda! Ameenda na mashini!"

Wanawake wa matambara wakaja wote, mikasi mikononi. Fikirieni walichokiona. Felti ya kijivu, na juu yake mtu wa maruni amelala bapa, mikono imeinuliwa juu kama anayeimba kanisani, kichwa hana. Uuuwi! Zilipigwa nduru za kusikika ng'ambo ya barabara ya Outer Ring. Mmoja akakaa chini palepale akavua kitambaa cha kichwa.

Mbele yao wote alikuwa Mama Zipora. Huyu ni mama wa Machakos aliyekaa benchi moja nami miaka yote minne, hajawahi kunisifu hata siku moja. Alikuja analia kuliko wote.

"Woi, Rispa wangu! Woi! Alikuwa mtu wa maana! Alikuwa anasaidia watu!"

Na huku analia, bila kukatiza, akapita karibu na kitufe chekundu akakipiga kofi. Mashine ikazima. Kukawa kimya kabisa, isipokuwa Mama Zipora.

"…ingawa alikuwa na kiburi kidogo."

"Mama, niko hapa," nikasema. Nilikuwa bado nimelala juu ya felti, hatua mbili kutoka kwake.

"Nyamaza," akasema, macho yamejaa machozi, "tunakulilia."

Akalia tena kidogo. Kisha akageuka polepole. Akanitazama. Akalitazama sweta. Akanitazama tena. Akanipiga begani kwa ngumi, na hilo bega linaniuma hata sasa.

Kicheko kilichofuata sitakieleza. Kioko alirudi akaniona mzima, akanikumbatia, halafu akaanguka chini kwa kucheka mpaka akashikilia mguu wa mashine. Karani wa stoo, yule wa kardigani, alikuja kutoka stoo makusudi. Alisimama akaniangalia kwa raha, akarudi zake.

Yule mama mteja peke yake hakucheka. Akasema, "Sasa litoeni."

Tukavuta. Mimi mkono wa kushoto, Kioko wa kulia. Felti yote ikainuka pamoja na sweta.

"Tafuteni uzi mkate," akasema.

"Hakuna uzi, mama." Nikaona heri nimalize nilichokianza. Nikapindua felti nikamwonyesha chini yake. Manyoya ya maruni yalikuwa yametokeza huko pia, kila mahali sindano ilipopita. "Sweta limesukumwa chini, na matambara yamelishika. Ukitaka kulitoa, utabeba na felti. Ni kitu kimoja sasa."

Akapitisha kiganja chini, akapitisha juu. Akatikisa kichwa taratibu. "Hapo nimeelewa," akasema. Akachukua mkoba wake kutoka kwa Bwana Mutua. "Nitaichukua hii felti. Lakini ile isiyo na mtu ndani."

Alipoondoka, Bwana Mutua alituita mimi na Kioko palepale mbele ya watu.

"Kioko. Ulipoona mtu ameingia kwa mashini, ulifanya nini?"

"Nilipiga nduru."

"Ulipigia wapi?"

"Nje."

"Na wewe, Rispa?"

"Nililalia."

"Kitufe cha kusimamisha kiko wapi?"

Tukanyoosha vidole wote wawili, pamoja, bila kukosea. Hakutukemea. Alituangalia tu, na hapo ndipo nilipoumia kweli. Angenitukana ningejitetea. Nilikuwa na hiyo barua mkononi, jamani, ilibaki kuandikwa jina tu, na nikaificha chini ya tumbo kwa sababu ya kiburi. Mama Zipora hakukosea kwenye yale maombolezo yake.

"Aliyesimamisha ni nani?" Bwana Mutua akauliza.

Wote wakamtazama Mama Zipora, ambaye alikuwa bado anapangusa pua kwa kipande cha blanketi.

"Ni mimi," akasema. "Lakini mimi sikuomba kazi. Mimi nilikuwa kwa msiba."

"Kuanzia kesho mashine ni yako."

"Mashine? Mimi najua vifungo! Nitafunzwa na nani?"

Kiwanda kizima hakuna mtu anayeijua hiyo mashine tangu yule mwendeshaji aondoke, isipokuwa Kioko aliyekimbia na mimi niliyelala. Nikasema moyoni, Rispa, aibu imeshakwisha yote, hakuna iliyobaki ya kuogopa. Nikainua mkono.

"Mimi nitamfunza."

"Wewe?"

"Mimi. Naijua mpaka sauti yake. Kosa nimeliona na sitalirudia."

Bwana Mutua alikuwa anataka kukataa, nilimwona. Lakini Mama Zipora akaingilia. "Bila Rispa mimi siendi. Na asimame mahali nitamwona kwa macho. Siwezi kumlilia mara mbili."

Basi nimekuwa msaidizi wa Mama Zipora, kwa majaribio, mwezi mmoja. Nikifika mwisho bila kupitisha nguo nyingine kwenye sindano, barua zitaandikwa mbili.

Mngedhani aibu iliishia hapo. Jioni Bwana Mutua alikata ile sehemu ya felti yenye sweta akaniambia, "Peleka kwenu, nisiione hapa." Na mnajua kila jioni tunapanga foleni getini, tunapekuliwa. Nikafika kwa askari na felti nimeikumbatia.

"Hiyo ni mali ya kiwanda," akasema.

"Ni sweta yangu."

"Sweta?"

"Angalia vizuri."

Akaikunjua foleni yote ikiona. Mikono juu, shingo, mistari myeupe. Akaigeuza nyuma. Akafikiri.

"Kama ni yako, vaa nione."

Nyuma yangu wanawake wakashikana mabega wasianguke. Ilibidi Bwana Mutua ateremke kutoka ofisini, aandike karatasi. Askari akaisoma kwa sauti ya juu, kwa sababu ndivyo anavyosoma kila kitu: "Mruhusu Rispa apite na sweta lake. Ni lake kweli. Halitoki."

Nimetembea mpaka nyumbani kwenye hiyo baridi, sweta kwapani limekunjwa kama mkeka. Doreen aliponiona akauliza kama nimenunua zulia. Nikamwambia ndiyo. Sasa naandika miguu ikiwa juu yake, na kusema kweli miguu ina joto zuri.

Kesho saa moja naanza kumfunza Mama Zipora mashine niliyoingoja miaka minne, na nitaanza na sindano na mkanda, kwa sababu kitufe chekundu itabidi yeye anifunze mimi. Haya, chekeni mmalize. Halafu mmoja wenu aniazime sweta, na safari hii silifungi kwenye chuma, nitalifunga kwenye mguu wangu mwenyewe.